Alberto Angeishi Bani Malik

Mwaka 1978 John Schumann wa Marekani alitoa kitabu kuhusu wahamiaji wanavyojifunza lugha. Mhusika wake mkuu ni Alberto, mfanyakazi wa miaka 33 kutoka Costa Rica, msemaji wa Kihispania. Kwa miezi 10 Kiingereza chake hakikusogea sana. Mara nyingi alipokanusha alitanguliza "no" mbele ya kitenzi. Schumann alimpima akili, hakuona kasoro. Akaamua kwamba kilichomkwamisha ni umbali kati yake na wenyeji.

Sifa ya kitabu hiki ni kwamba kiliwaondolea wahamiaji lawama ya uzito wa akili. Lakini ukikisomea Bani Malik, Jeddah, unaona pengo. Mgeni hapa husema "mafi maalum" akimaanisha "sijui". Hicho si Kiarabu cha darasani, wala hakukibuni peke yake. Wenyeji nao huwasemesha wageni hivyo hivyo. Mgeni atajifunzaje asichosikia?

Schumann aliupima zaidi umbali akitazama upande wa Alberto. Bonny Norton, aliyewachunguza wanawake wahamiaji nchini Kanada, aligeuza swali mwaka 1995: nani anampa mgeni nafasi ya kusema na kusikilizwa?

Basi ndugu yetu akichekwa kwamba amekaa Jeddah miaka mingi na Kiarabu chake ni cha kuokoteza, tusimcheke pamoja nao. Tuulize kwanza amezungumza na nani, na alijibiwa kwa lugha gani.