Hofu Iliyochongwa

Filamu ya kutisha ni kazi ya sanaa inayokusudia kumtia mtazamaji hofu aliyoifuata mwenyewe, akalipa kiingilio ili aipate, kisha akarudi nyumbani salama huku moyo bado unamdunda. Hofu ya namna hiyo haipatikani kwa kubahatisha, kwa kuwa kumtisha mtu aliyekwishajua kwamba anatishwa ni kazi ngumu kuliko kumtisha aliyeshtukizwa njiani. Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini, na kwa bara yake katika nyanda za Wamakonde za Newala na Tandahimba, kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake kabla sinema haijafika, na chombo chao kikuu kilikuwa kipande cha mti mwepesi kilichochongwa uso wa mtu.

Inafaa kwanza kuitenga hofu hii na hofu halisi, ambayo watu wa kusini wanaifahamu kupita kiasi. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania, na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoumizwa sana. Baadhi ya waliouawa walivamiwa wakiwa wamelala katika madungu, yaani vibanda vya muda vinavyojengwa shambani wakati wa mavuno ili kuwafukuza nguruwe mwitu, na vijijini watu walinong'onezana kwamba baadhi ya simba hao hawakuwa simba wa porini bali simba wa kutumwa. Hofu ya aliyelala dunguni akisikia majani yakichakacha haina kiingilio wala mwisho unaojulikana, na hakuna aliyewahi kuitamani. Thamani ya mchongaji inaonekana hapo hapo, kwani yeye aliichukua hofu ileile, akaipa mwili, akaipangia siku ya kuja na njia ya kurudi ilikotoka, hata watu waliokwisha kuzika ndugu zao wakaweza kuikimbia huku wakicheka.

Lipiko, kwa wingi mapiko, ni jina la kinyago hicho na pia la yule anayecheza akiwa amekivaa, ingawa upande wa Tanzania wa mto Ruvuma ngoma yenyewe hujulikana pia kwa jina la midimu. Kinyago chenyewe hakichongwi kwa mpingo, mti mzito ambao umewapa Wamakonde sifa duniani kote, kwa sababu kinatakiwa kukaa kichwani mwa mtu anayeruka na kugeuka ghafla. Huchongwa kwa mti mwepesi unaokubali tezo na kisu, kikatobolewa ndani kama kofia nzito, na kuta zake zikapunguzwa hadi zikawa nyembamba. Nywele zake ni nywele za binadamu, zinazopandikwa kichwani kwa nta ya nyuki, na chale za usoni, ambazo zamani ndizo zilizomtambulisha Mmakonde popote alipokwenda, wakati mwingine hazikuchorwa wala kukatwa katika mti, bali zilijengwa juu yake kwa nta hiyo hiyo, mstari baada ya mstari, mpaka mwanga wa jioni ukawa unashika ukingo wa kila mstari na kuuacha upande wa pili gizani. Kama uso ni wa mwanamke, mdomo wa juu hubeba ndonya, yaani kile kipande cha mti cha mviringo kilichovaliwa mdomoni kama pambo. Macho hufanywa kama mianya myembamba, nusu yamefumbwa, na anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mchezaji anaona kupitia hapo. Lakini kinyago huvaliwa kikiwa kimeinamishwa nyuma, uso ukiangalia juu kidogo, na mchezaji huona kupitia kinywa kilichoachwa wazi. Kwa hiyo uso wa lipiko hautazami mahali unapoelekea. Kichwa kinaangalia mbinguni na miguu inakuja moja kwa moja kwa mtu, na hitilafu hiyo ndogo kati ya uso na mwendo inatisha kuliko meno yoyote ambayo mchongaji angeweza kuongeza.

Mwili nao ulifichwa kwa bidii hiyo hiyo, nguo ikishonwa au kufungwa hadi vidole vya mikono na miguu visionekane, kwa maana ngozi ya sentimita moja tu ingetosha kumrudisha mtazamaji kwa jirani yake anayemjua, na kengele au njuga zikafungwa kiunoni ili kila mtikisiko uwe na sauti. Ngoma zilianza mapema zaidi, miongoni mwake vinganga, ngoma ndogo zenye ncha zinazochomekwa ardhini, na zilipiga kwa muda mrefu uwanja ukiwa mtupu. Aliyeketi hapo alisikia kwamba kitu kinakuja, akakingoja, akachoka kukingoja, na kilipochomoza kutoka upande wa porini kilisimama mbali, kikageuka kana kwamba kinarudi, kisha kikakimbilia watu kwa hatua fupi za haraka. Wanawake na watoto walitawanyika wakipiga kelele, halafu wakarudi kidogo kidogo mpaka ukingo wa uwanja, wakiimba na kupiga vigelegele, wakisubiri kukimbizwa tena.

Kurudi huko ndiko kunakoeleza raha ya hofu kuliko maelezo marefu. Ilidaiwa kwamba lipiko si mtu, kwamba ni mfu aliyeitwa na wanaume, na kijana wa kiume aliujua ukweli wake katika jando tu, pale alipotakiwa kukabiliana nalo, kulishinda na kuuvua uso ule, akakuta chini yake mtu anayemfahamu akitokwa jasho. Tangu siku hiyo alibeba wajibu wa kunyamaza. Wanawake wengi nao walikwishatambua mwendo wa mume au wa kaka ndani ya nguo zile, lakini walikimbia vilevile, kwa kuwa kukimbia kulikuwa mchango wao katika kazi iliyohitaji pande mbili. Mengine yanayofuata nyuma ya siri hiyo yana wenyewe na hayana haja ya kuandikwa hapa. Linalohusu sanaa ni kwamba hofu hii haikudai mtu awe mjinga, ilidai awe mwaminifu kwa mchezo.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vinyago, na katika mizigo yake alikuwa na kamera ya sinema na fonografu, yaani mashine ya kunasa sauti katika silinda za nta. Kamera ilinasa mwendo usio na sauti, fonografu ikanasa sauti isiyo na mwendo, na vinyago vikafungashwa pasipo vyote viwili. Hivyo sinema ilipofika kwa mara ya kwanza katika nyanda hizo ilikuta sanaa ya hofu ikiwa nzima, ikaondoka nayo ikiwa vipande vitatu.

Hata hivyo mafundi bora wa filamu za kutisha walifika, kwa njia zao wenyewe, mahali pale pale alipokuwa mchongaji wa Newala. Katika filamu ya Kijapani Onibaba ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Kaneto Shindo, mama mkwe anavaa kinyago cha pepo ili kumtisha mkaza mwana, kisha kinyago kinagoma kuvuka usoni mwake, na hofu yote ya filamu hiyo inatoka katika swali ambalo kila aliyepitia jando angelielewa mara moja, yaani nini kinatokea mchezo unapokosa njia ya kurudi. Katika Jaws ya mwaka 1975, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara katika maji ya bahari, na mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha, hata ikapita zaidi ya saa moja kabla mtazamaji hajamwona vizuri. Muziki ukafanya kazi ya vinganga, ukitangaza ujio wa kitu ambacho macho hayajakipata. Na muuaji wa Halloween ya mwaka 1978 alivikwa kinyago cha dukani kilichotengenezwa kwa sura ya mwigizaji William Shatner, kikapakwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakapanuliwa. Uso uliobaki hauna hasira wala huruma, na utupu huo unamlazimisha mtazamaji aujaze mwenyewe.

Tanzania nayo ilipata watu wa kazi hii. Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003, akichota kiumbe wa kutisha kutoka katika simulizi za Wanyakyusa, na mwaka 2005 akatoa Shumileta, hadithi ya jini wa kike anayempenda binadamu. Filamu hizo zilipigwa kwa kamera za video na fedha kidogo, na mwenye jicho kali huziona kasoro zake, lakini zilijua jambo moja kubwa, kwamba mtazamaji wa nchi hii huogopa zaidi kinachoingia kupitia ndoa, urithi na chumba cha kulala kuliko kinachoshuka kutoka angani. Zilipooneshwa katika kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video wenye mabenchi na joto jingi, hofu ilipita kutoka bega hadi bega kama ilivyopita ukingoni mwa uwanja wa midimu. Filamu za kigeni zilikuwa na mtafsiri, aliyesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, na Lufufu wa Dar es Salaam ndiye aliyevuma kuliko wote. Mtafsiri aliyeijua kazi yake alijua pia pa kunyamaza, akaiacha ile sekunde ya mlango unaofunguka iwafikie watu bila neno.

Leo ufundi huo unaachiliwa kwa wepesi unaohuzunisha. Kompyuta imewapa watengenezaji uwezo wa kuonesha kila kitu, nao wanaonesha kila kitu, tangu dakika ya kwanza, katika mwanga mweupe, na kinachokusudiwa kuwa hofu kinakuwa mshtuko wa masikio, kelele ya ghafla ambayo hata sufuria ikidondoka jikoni ingeweza kuitoa. Filamu hutazamwa kwenye simu, mtu mmoja mmoja, visikizi vikiwa masikioni, na kidole kikisogeza mbele sehemu za kungoja, ambazo ndizo zilizobeba kazi yote. Midimu nayo huitwa kwenye sherehe za wageni wa serikali kwa dakika kumi mchana wa saa nane, kipaza sauti kikitaja jina la kikundi, na mchezaji anapomaliza huvua kinyago mbele ya watoto, akakiweka chini, akanywa maji. Watoto hao hawajadanganywa, na hakuna atakayewaachia siri ya kuitunza.

Mwaka 1984 kinyago cha lipiko kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, kikaonekana baadaye katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva, na baada ya majadiliano ya miaka mingi kikarejeshwa Tanzania mwaka 2010. Ilikuwa haki kirejeshwe. Lakini kinyago cha namna hiyo kilichongwa ili kionekane kwa muda mfupi, katika vumbi, kikiwa kinakuja, na vilivyobaki, huku na ng'ambo, husimama ndani ya kioo chini ya taa siku nzima, nta ikiwa imekauka na kuanza kupasuka, nywele zikiwa zimepungua upande mmoja. Kinywa bado kimeachwa wazi vilevile alivyokiacha fundi, na anayeinama kukichungulia huona ukuta mweupe wa upande wa pili.