Heko Viongozi wa Skauti Bujumbura

Pongezi ziwaendee viongozi wa kujitolea wa skauti jijini Bujumbura. Hawana mshahara, ila wanalea. Kwao mtoto hapandi daraja kwa kuongeza umri tu: afunge fundo lisilofunguka, aweze kumfunga bendeji aliyeumia, na atimize ahadi yake. Wanachama wengi ni neema, lakini skafu bila tabia njema ni kitambaa tu.

Burundi, iliyotumbukia vitani mwaka 1993, inaijua thamani ya malezi hayo. Kupitia mradi wa Amahoro Amani, skauti wa Burundi, Rwanda na Kongo walishirikiana kuwafunza vijana kukataa chuki.

Wazazi wa Buyenzi, Kamenge na Ngagara, wapelekeni watoto skauti. Wenye uwezo, tuchangie mahema na kamba.