Rehani, Waridi na Sage: Maana ya jina haiishii kwenye tafsiri

NINAUONA mtindo miongoni mwa wazazi vijana humu nchini wa kuwapa watoto wachanga majina ya mimea, hasa mimea ya harufu na viungo, ambayo hayajazoeleka darasani wala kanisani. Upande mmoja wapo akina Sage, Basil, Juniper na Saffron. Upande wa pili wapo Waridi, Asumini, Rehani na Zafarani. Sina ugomvi na mtindo wenyewe. Ugomvi wangu ni na orodha zinazowaongoza wazazi hao, zile za safu mbili: jina huku, maana kule. Orodha hizo huchukulia kwamba jina la mmea likishatafsiriwa, basi kazi imekwisha. Wapi!

Upya wa mtindo huu, kwanza, tusiutie chumvi. Akina nyanya waliobatizwa Rosemary walibeba jina la kiungo cha jikoni kabla wengi wetu hatujakionja. Susan asili yake ni neno la Kiebrania la ua la jamii ya yungiyungi. Tamar ni mtende. Hadassah, jina la pili la Malkia Esta, ni mhadasi. Phyllis kwa Kigiriki ni habari ya majani. Lakini nani humwita shangazi yake Susan huku akiwaza ua? Jina likikaa midomoni kwa muda mrefu, mmea hunyauka likabaki jina tupu. Mzazi anayetaka mmea uendelee kusikika ndani ya jina hana budi kuangalia lugha inayozungumzwa na wale watakaomwita mtoto huyo kila siku.

Kiswahili kina utaratibu wake katika jambo hili, na orodha nilizosoma haziutaji. Mmea wenyewe huwa katika ngeli ya U-I: mwasumini, mrehani, mzaituni, mkarafuu. Zao lake, liwe ua, jani au tunda, huvua kiambishi hicho: asumini, rehani, zaituni, karafuu. Sasa tazama majina ya watu. Nimewajua akina Zaituni kadhaa. Sijakutana na Mzaituni hata mmoja. Kiebrania kilimpa binti mti mzima, mtende au mhadasi. Mswahili humpa kile ambacho mti huo umemzalia. Jina hilo likishamkaa mtu, huhama ngeli likaingia A-WA bila kuomba ruhusa. "Waridi limenyauka" ni habari ya bustani. "Waridi amenyauka" ni habari ya kumkimbiza mtu hospitalini.

Majina ya aina hii hayakubaki Pwani. Zeituni Onyango, shangazi yake Barack Obama anayetajwa katika kitabu cha kumbukumbu alichokichapisha mpwawe mwaka wa 1995, alikuwa na zaituni ya Kiarabu na Onyango ya Kijaluo katika jina moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Bara kuna mantiki nyingine kabisa. Mbukusu anayemwita mtoto Wanyonyi hamtaji mmea wowote. Anataja msimu wa palizi. Mjaluo naye ana Odoyo na Adoyo kwa msimu uo huo. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, kama Okeyo na Akeyo. Emmanuel Wanyonyi aliposhinda dhahabu ya mita 800 kule Paris mwaka wa 2024, jina lililotangazwa lilikuwa na jembe na magugu ndani yake. Kwa hiyo anayesema Waafrika wa bara hawana majina ya mimea anatafuta mahali pasipo. Yapo, ila yanataja kazi ambayo mmea uliwapa watu siku mtoto alipozaliwa. Majina hayo hayachaguliwi kwa kupendeza masikioni, na hapo ndipo yanapotofautiana na Juniper. Kwa Wakikuyu, ambako mtoto hurithi jina la babu au nyanya, uhuru wa mzazi umebaki katika jina la kwanza tu. Si ajabu kwamba majaribio yote haya yanafanyika hapo.

Nadhani waandishi wa riwaya wameliona jambo hili vizuri kuliko waandishi wa orodha. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971. Rosa ni waridi, na mdogo wake ni Flora, jina la mungu wa maua wa Warumi. Kwa orodha ya safu mbili, Rosa na Waridi ni jina moja. Mpe msichana yule jina la Waridi uone riwaya itakavyovunjika mikononi mwako! Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Baba anayemtandika bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, katika kisiwa cha Ukerewe chenye misheni, amempa jina linalodai usafi wa Maria. Kuporomoka kwa Rosa hadi kujitoa uhai kunauma zaidi kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa limekwisha kumwekea kipimo. "Waridi" lingenukia Pwani, marashi na harusi, na kipimo hicho kingepotea.

Au Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Mhusika mkuu ni Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar anayeozwa mzee Raza, kisha akamtoroka na kuangukia kwa Mwajuma na Denge. Yasmin na Asumini ni ua lile lile, kutoka neno lile lile la Kiajemi. Lakini Asumini angekuwa Mswahili tangu ukurasa wa kwanza. Umbo hilo la jina, lisilo na irabu ya mwisho, ndilo ukuta anaouruka akitoka nyumba ya mumewe mwenye duka kwenda chumbani kwa Mwajuma. Majirani wa uswahilini wana ua hilo nyweleni na kitandani, nao wanamwita kwa umbo la watu wa kwao. Tunapofundisha riwaya hii tunakimbilia tabaka na ukoloni, na ni sawa, lakini tunaruka jina.

Turudi kwa watoto walio hai. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni mama, alitaka kumwita bintiye Rehani. Mumewe akakataa katakata. "Mtoto wangu simweki rehani mimi!" Wakaniletea kesi.

Mume hakuwa mjinga. Kiarabu kina maneno mawili: moja la mmea wenye harufu nzuri, ambalo limo hata katika Kurani, na jingine la dhamana, kitu anachoacha mkopaji hadi alipe deni. Mizizi yake haihusiani. Kiswahili kiliyapokea yote mawili na kuyasaga hadi yakafanana. Kwa mtu aliyelelewa Lamu au Mombasa, rehani ni jani kwanza, na wapo wanaume waliobeba jina hilo bila kudaiwa na yeyote. Kwa mtu wa Nakuru anayelijua neno hilo kutokana na shamba la babake lililochukuliwa na benki, rehani ni deni. Orodha inayoandika "Rehani: mmea wa harufu nzuri" inasema kweli, na bado inampotosha mzazi huyu, kwa maana mtoto ataitwa na watu wa Nakuru.

Niliwapa njia ya kati. Wapo wasemao mrihani badala ya mrehani, na umbo hilo halina deni. Waandike Rihani. Walikubali, ingawa mama mkwe, nasikia, anasisitiza kwamba mjukuu amepewa jina la yule mwanamuziki wa Barbados.

Kuna swali jingine ambalo orodha hazijiulizi: mbona mimea mingine haigeuki majina? Asumini na rehani huingia katika kikuba, lile fungu la maua na majani ya harufu ambalo wanawake wa Pwani huvaa kifuani. Zafarani, ingawa hutiwa katika biriani, pia huandikiwa kombe la mgonjwa kunywa. Imepanda daraja. Lakini bizari? Tangawizi? Haya yamebaki jikoni, na mtoto atakayeitwa Bizari atapata habari yake siku ya kwanza ya chekechea. Na mwarobaini, mti unaosifiwa kwa kutibu maradhi arobaini, haujamzalia mtu jina ninalolijua. Uchungu wake umeushinda uganga wake. Mimi binafsi ningependa kusikia binti akiitwa Kilua, ua dogo lenye harufu kubwa, kabla hatujaishiwa na subira tukaagiza majina yote kutoka nje.

Ama hayo ya kuagiza, nina pendekezo moja la vitendo. Kabla ya kuandika Sage kwenye cheti, mpigie simu nyanya wa mtoto umwambie jina, umsikilize akilitamka. Akisema "Seji", hilo ndilo jina ambalo mtoto ataitikia kila likizo, kwa hiyo jiulize kama unalipenda hilo. Basil ana nafuu. Jina hilo si geni kwetu, kwani Basil Criticos amewahi kuwa mbunge wa Taveta, na wazee hulitamka "Bazili" bila taabu. Asili yake ni neno la Kigiriki la mfalme, na mmea unaoitwa hivyo kwa Kiingereza ndio huo huo mrehani. Basil wa Kileleshwa na Rihani wa Nakuru ni somo kwa somo. Siku wakikaa dawati moja, mwalimu atakuwa anaita jani lile lile mara mbili kwenye sajili.