Bega Lisiloogopa

Kila vuli, misitu ya Sweden hupokea wawindaji wanaomfuata älg, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake huweza kufikia kilo 500. Asiyewajua angedhani wamebeba bunduki za kutikisa mbavu. Kumbe wengi, kizazi baada ya kizazi, wametumia kaliba ya 6.5×55, risasi nyembamba iliyoingia katika majeshi ya Sweden na Norway mwaka 1894.

Katika bunduki ya kilo 4, risasi hiyo hupiga bega la mwindaji kwa nishati ya jouli 16 hivi. Kaliba ya .375 H&H Magnum, kwa bunduki ya uzito uleule, hupiga kwa zaidi ya mara tatu ya hapo.

Maana ya tofauti hiyo huonekana kwenye uwanja wa shabaha. Mkufunzi huchomeka risasi moja isiyo na baruti katikati ya zile za kweli, mwanafunzi asijue. Triga inavutwa. Kimya. Lakini mtutu umeinama, kope zimefumbwa, bega limekakamaa: mwili umejihami kabla ya kipigo. Mtutu ukiinama nyuzi moja tu, shabaha ya mita 100 hukosewa kwa zaidi ya mita moja na nusu. Hata ukiinama chini ya hapo, risasi iliyokusudiwa mapafu ya mnyama huweza kuvunja mguu, naye huondoka na maumivu yake msituni. Ndiyo maana kuchagua bunduki inayovumilika ni ustadi wa kuheshimiwa. Ni huruma inayoanzia dukani.

Sheria ya Sweden imeipa nafasi busara hiyo. Kwa älg, kichwa cha risasi chenye gramu 10 au zaidi kinatosha kikibaki na jouli 2,000 kwa mita 100.

Uzito wa bunduki nao una neno. Ya kilo 3, kwa risasi ileile, hupiga kwa theluthi moja zaidi ya ile ya kilo 4, jambo ambalo wapenzi wa bunduki nyepesi hulisahau mpaka bega liwakumbushe.

Karamoja, Uganda, Mskoti W. D. M. Bell aliwinda tembo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa 7×57 Mauser, kaliba ya upole vilevile, baada ya kupasua fuvu kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi. Aliua zaidi ya tembo 1,000, idadi ya kuhuzunisha. Umakini wake, hata hivyo, haukanushiki.

Leo Tanzania hudai angalau .375 kwa wanyama hatari, na ni haki: nyati aliyejeruhiwa hutafuta watu. Anayemwendea huizoea kaliba hiyo akiwa amesimama, kwani mwili wima huyumba pamoja na msukumo, ilhali aliyeegemea meza huupokea wote begani.