Mswaki wa Uani

Kuna mzee mmoja pale mjini Masalani ambaye maji yake ya udhu hayapotei. Hukaa kigodani, birika mkononi, na yote yanayochuruzika viwikoni na miguuni hufuata kijifereji mpaka kwenye shina la mti wa mswaki alioupanda uani. Mti wenyewe wala hauna kiu kiasi hicho. Mswaki ukishazamisha mizizi hustahimili jua, hustahimili hata udongo wa chumvi. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ng'ombe walikufa na miswaki ikabaki kijani.

Kuuotesha kunataka subira. Tunda lililoiva huoshwa mpaka nyama yote itoke, maana nyama hiyo huizuia mbegu kuota. Mche ukichomoza huzungushiwa miiba, la sivyo mbuzi wataumaliza kwa siku moja.

Lakini ufundi hasa uko kwenye kuchimba mzizi wa kupigia mswaki. Mzee haligusi shina. Husogea mbali nalo, upande mmoja tu, akafukua kwa vidole taratibu mpaka auone mzizi mnene kama kidole gumba. Huukata kwa pigo moja la kisu kikali, akafukia papo hapo kabla jua halijapiga jeraha, akashindilia udongo kwa kisigino. Safari nyingine atachimba upande mwingine. Kipande hulowekwa, ganda likaambuliwa kiasi cha ukucha, kikatafunwa mpaka nyuzi zichanue. Zikichakaa, hukatwa na ganda kuambuliwa upya.

Wachuuzi wa siku hizi wana haraka. Hung'oa mti mzima, wakaacha shimo wazi.

Na huku kwetu pengo halikai tupu. Mathenge, mti wa kigeni uliopandwa Bura miaka ya 1980 eti kuzuia jangwa, umetanda kandokando ya mto Tana. Maganda yake matamu huozesha meno ya mifugo. Watu wa Baringo walifika mahakamani kuulalamikia mti huo, na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Yaani tunang'oa mti unaosafisha meno, tunaachia nafasi mti unaoyamaliza!

Mtume (S.A.W.) alituhimiza kupiga mswaki, hakutuambia tuumalize mti. Basi ukinunua mswaki sokoni, mwulize muuzaji kama alifukia shimo. Akikushangaa, mrudishie mswaki wake.