Fundi Asiyeanza na Gesi

Kiyoyozi kikianza kudondosha maji sebuleni, mafundi wengi wa siku hizi huwa na jibu kabla hata ya kupanda ngazi: gesi imepungua. Geji inafungwa, gesi inaongezwa, pesa inalipwa, na baada ya wiki chache maji yanarudi palepale. Wapo wachache wasiofanya hivyo. Hao huanza kwa kuuliza. Maji yanatoka upande gani? Yanaanza mashine ikiwashwa tu, au baada ya saa kadhaa? Ikizimwa yanakoma au ndiyo yanazidi? Huupapasa ukuta kwa kiganja, wakachomoa chujio na kulitazama kwenye mwanga, ndipo bisibisi itoke mfukoni. Ustadi huo wa kuuliza ndio ninaoutetea hapa, kwa kuwa naamini ndio ufundi wenyewe. Kufunga na kufungua hufundishika kwa miezi. Kujua kwa nini unafungua huchukua miaka.

Maji yenyewe si ugonjwa. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, Marekani, kilichotakiwa kudhibitiwa kwanza kilikuwa unyevu ulioharibu karatasi na kuvuruga rangi. Mashine hii ilizaliwa kukamua maji hewani, na huku pwani yetu hewa haina ubahili. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ya kawaida kabisa Dar es Salaam au Mombasa, huanza kuacha matone ikigusa kitu cha nyuzi 25 tu, nayo koili ya ndani huwa baridi kuliko hapo kwa mbali. Mashine ndogo ya chumba kimoja inaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa saa. Kwa hiyo anayeuliza maji yametoka wapi hajauliza swali lenyewe. La kujiuliza ni kwa nini maji yaliyopaswa kwenda nje yamepotea njia.

Njia za kupotea ni nyingi, na kila moja huacha alama yake. Maji yakichuruzika chini ya mashine, kinga la ndani linalopokea maji limefurika: mpira wa kutolea maji umeziba, au mashine ilifungwa ikainama upande usio na tundu, jambo ambalo pimamaji hulifichua papo hapo. Yakifuata ukuta kwa nyuma, huenda sponji ya bomba la baridi imechanika na bomba linatoka jasho, au tundu la ukutani lilitobolewa likielekea ndani. Yakirushwa kama manyunyu, feni na koili zimeshikwa na uchafu. Yakimwagika kwa wingi mashine ikishazimwa, ujue barafu ilikuwa imeganda kwenye koili na sasa inayeyuka. Hapo kuna chujio lililojaa vumbi, au kweli gesi imepungua. Gesi imo kwenye orodha, lakini haistahili kuwa orodha nzima.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakihitaji kifaa chochote cha kununua. Fundi huchukua chupa ya maji, akayamimina taratibu kwenye kinga, kisha akatoka nje kutazama mdomo wa mpira. Yakifika mapema na kwa mkondo mmoja, njia ni safi. Yakija kwa kukatakata, yakisita na kububujika, kuna hewa iliyonaswa: pengine mpira una tumbo lililoshuka katikati, pengine ncha yake imezamishwa kwenye ndoo. Yakichelewa, halafu ukatangulia ute mzito wa kijivu, chanzo kimejitaja chenyewe. Hakuna kilichobadilishwa wala kuuzwa, ila jambo limejulikana kwa hakika.

Watu watasema mashine mpya zina akili, hutaja ugonjwa wake kwa namba kwenye kioo. Namba hizo zina faida yake, lakini vihisio vya mashine nyingi za nyumbani hupima joto na umeme. Kinga lililopasuka au mpira uliopinda havipimwi. Hata zile zenye boya la kuzima mashine maji yakipanda husema tu kwamba yamepanda. Wengine watasema kuongeza gesi hakuna hasara. Hasara ipo. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haitumiki ikaisha; ikipungua, kuna inapovujia. Anayeongeza bila kupatafuta hapo ameuza gesi, hajatengeneza mashine. Na kilo moja ya gesi ya viyoyozi iitwayo R410A ikitoroka angani huongeza joto la dunia sawa na takriban kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali, hapa hapa jirani, kupunguza gesi za jamii hiyo. Lengo la mapatano hayo linahujumiwa kila siku juu ya ngazi, kwa uvivu wa kutafuta.

Pingamizi zito ni la tatu: mteja halipii maswali. Hapa lawama ni yetu. Fundi akikaa saa nzima, akagundua mpira umeziba na kuuzibua, tunamuuliza amefanya nini hasa hata adai pesa hiyo. Akija mwenye mtungi, tunalipa bila kubisha, kwa sababu tumeona kitu kikiingia. Hivyo sisi wenyewe tumewafundisha mafundi kwamba kufikiri hakuna bei. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi wanaijua mashine. Subira ya kuitazama waliipata wenzao waliotangulia kwa kukaa miaka chini ya fundi mkubwa, wakimshikia ngazi na kusikia anavyouliza. Ukaaji huo unafifia, maana kijana hawezi kumngojea mwalimu ambaye naye hajalipwa. Mashine zitazidi kuingia majumbani kadiri joto linavyopanda, na wa kuzifunga hawatakosekana. Tutakaowakosa ni wale wanaojua kuuliza kabla ya kugusa, na tutakuwa tumewapoteza kwa kubishania ujira wa saa moja.