Shahidi wa Vita na Namna ya Kumhoji

Mtu wa Marafa atakaye kuzijua habari za vita kwa njia ya filamu, na ampime mtengenezaji kwa jambo moja kabla ya mengine: shahidi ameulizwa nini, na jibu lake limepambanishwa na nini. Maadamu kumbukumbu ya mwanadamu aghalabu hupoteza tarehe na kuchanganya majina, ilhali njaa, hofu na sura ya mwenzi aliyeanguka huzihifadhi hadi uzeeni, mhoji hodari humwuliza mkongwe yale aliyoyaona kwa macho yake, na hesabu za majeshi akaziachia nyaraka.

Kwa ustadi huo naitanguliza *The World at War*, mfululizo wa sehemu 26 juu ya Vita Kuu ya Pili, uliosimamiwa na Jeremy Isaacs na kuonyeshwa Uingereza mwaka 1973 na 1974, ambao haukutosheka na majemadari, bali uliwatafuta makatibu wao, askari wa kawaida na raia, watu wasiokuwa na jina kubwa la kulilinda. Kadhalika *They Shall Not Grow Old* ya Peter Jackson, ya mwaka 2018, imeziunga sauti za askari wa Vita Kuu ya Kwanza, zilizorekodiwa miaka mingi kabla, na picha za kale zilizotiwa rangi, pasipo msimulizi; uzuri wake ni kwamba mkongwe hakatizwi, na upungufu wake ni kwamba uso tuuonao si wa yule tumsikiaye. Ama *The Vietnam War* ya Ken Burns na Lynn Novick, ya mwaka 2017, imewahoji Wamarekani na Wavietnam wa pande zote, hata vita vile vile vikasimuliwa na watu waliolengana bunduki.

Sharti hili la pande mbili latuhusu sana. Vita vya Wagiriama vya mwaka 1914, ambavyo chanzo chake kilikuwa kodi, madai ya vibarua na azma ya serikali ya kuwaondoa watu kaskazini ya mto Sabaki, katika nchi hii iliyomo Marafa, na ambavyo vilitanguliwa na kuhamishwa kwa viongozi wa upinzani, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, hadi Kisii, vimeandikwa kwa wingi katika barua za maofisa wa serikali ya kikoloni kama Arthur Champion. Waliofukuzwa hawakuandika, walisimulia. Mwanahistoria Cynthia Brantley, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alizisoma nyaraka hizo na pia akawahoji wazee Wagiriama, na njia yake yafaa kuwa msingi wa filamu yoyote juu ya vita hivyo.

Walioshuhudia Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ikibomolewa kwa baruti katika vita hivyo hawapo tena. Waliobaki ni wapokezi. Basi atakayewarekodi na aifuate kanuni ya wanazuoni wetu wa pwani, ambao riwaya hawaipokei bila sanadi, yaani msururu wa waliopokezana habari: kila msemaji aulizwe alisikia kwa nani, naye huyo alisimama wapi siku ile, na majibu hayo yasikatwe katika uhariri, kwa kuwa ndiyo yampayo mtazamaji haki ya kusadiki au kukataa.